Mwanamke Tuliyemtunga kwenye Waya wa Simu

Sitaapa, maana anayeapa kabla hajaulizwa humtia msikilizaji wasiwasi. Ila ujue tangu mwanzo kwamba jambo hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mwenyewe, nikiwa kazini, na akili zangu timamu, Jumapili jioni kabla hata ya adhana ya magharibi. Kama utaniona mwongo, basi niite mwongo nikishamaliza, si sasa.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa opereta wa simu Kahama. Kahama ile haikuwa hii mnayoiona leo. Simu zote za mji zilipita mikononi mwangu, kwenye chumba kidogo nyuma ya posta. Mtu akitaka kuongea na Shinyanga, kifuniko kidogo kinaanguka kwenye swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, nachomeka waya, nazungusha mkono wa mashine, opereta wa Shinyanga anaitika, na yeye anamuunganisha anakotaka. Wa Shinyanga alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Tanga aliyekuja bara na treni enzi za ujana wake, akaoa huku, akasahau kurudi. Upande wa Ushirombo alikuwa Leokadia, binti wa wakulima, Mkatoliki asiyekosa misa, na kwa utani hana mfano. Sisi watatu hatukuwahi kuonana hata siku moja. Tulijuana kwa sauti tu. Kikohozi cha Mzee Hamisi nilikifahamu kuliko cha baba yangu, na Leokadia akitafuna karanga nilijua.

Sasa, Jumapili mchana waya ulikuwa kimya. Maduka yamefungwa, wakubwa wamelala. Hapo ndipo tulipofanya mchezo ambao, nakiri, haukuruhusiwa. Nilikuwa naunganisha waya wa Shinyanga na wa Ushirombo, mimi katikati, tunatunga hadithi. Mzee Hamisi anaanza, anaishia anapotaka. Leokadia anapokea, kisha mimi. Sharti lilikuwa moja, la Mzee: lililosemwa limesemwa. Huwezi kufuta la mwenzako. Unaweza kuliendeleza tu.

Tulianza na upuuzi, fisi aliyefungua duka la nyama na mambo kama hayo. Kisha tukampata Nyamizi. Mzee Hamisi alisema kulikuwa na mwanamke anaishi kando ya barabara, kati ya Kahama na Ushirombo, analima mpunga. Leokadia akampa jina, na akasema anachechemea kidogo mguu wa kushoto kwa sababu utotoni alijikata na jembe. Mimi nikampa mume, Maziku, jitu refu linaloogopa vyura. Mzee akaongeza kwamba Nyamizi, ukimuuliza lolote, kwanza huguna kidogo kama anaimba, ndipo anajibu.

Niamini, tulimpenda. Katikati ya wiki, Leokadia akiniunganishia mteja, alikuwa anawahi kuninong'oneza haraka kwamba ng'ombe wa Nyamizi kazaa. Nami nacheka peke yangu chumbani kama mwehu.

Basi ikatokea zamu ya Leokadia akamtuma Maziku Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, akatafute mahari ya mdogo wake. Leokadia hakujua. Sikuwa nimemwambia mtu kwenye waya kwamba kaka yangu Idi alikwenda Geita kuchimba, na kwamba misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita bila barua wala salamu.

Kwa nini hatukumtafuta? Mama alikataa. Alisema, "Usipouliza, yupo." Nyumbani tuliishi hivyo, tukimzunguka yule aliyekosekana kama watu wanavyozunguka shimo la choo usiku. Idi alizaliwa siku ya sikukuu, ndiyo maana ya jina lake. Na kila sikukuu Mama alimpakulia sahani yake ya pilau, akaifunika, akaiweka.

Mwaka ule Idd ilipita katikati ya wiki. Niliiona sahani ile imefunikwa hadi asubuhi. Jumapili yake, zamu yangu ilipofika, sijui nini kilinipanda. Nikasema, "Shimo lilimfunika Maziku." Nikavua chombo cha masikioni, nikasingizia kwamba kuna mteja anasubiri. Mteja hakuwepo. Niliporudi, karanga za Leokadia hazikusikika. Mzee Hamisi alikohoa, akasema tu kwamba lililosemwa limesemwa, binti yangu, akakata waya.

Niseme ukweli wangu? Nilitaka na mtu mwingine alie. Hata kama mtu huyo hayupo.

Wiki ile nzima nilimfikiria Nyamizi. Na kichwani nikamwongezea jambo, nikaliweka akiba kwa Jumapili inayofuata: kwamba ana mimba ya miezi mitatu na hajamwambia mtu. Jambo hilo sikulitamka. Si kwa Leokadia, si kwa Mzee, si kwa Mama. Nakuomba ulishike hilo.

Jumapili ikafika na mvua. Waya wa Ushirombo ulikuwa umekatika tangu Ijumaa, mti uliangukia nguzo, kwa hiyo mchezo haukuwepo. Nilikaa peke yangu nikifuma kitambaa. Kama saa kumi na moja hivi jioni mvua ilipungua, na dirisha la nyuma likagongwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kajifunga khanga mbili, uso mpole. Nikamwamkia, shikamoo. Aliguna kwanza, kiwimbo kifupi, mdomo umefungwa. Kisha akasema marahaba, mayu, yaani mama, kwa lafudhi ya Kisukuma kabisa.

Nikamuuliza anataka kupiga simu wapi, nikamwambia kwamba leo posta imefungwa. Akaguna tena. Akasema hana namba. Anataka habari za mume wake aliyekwenda Geita, anaitwa Maziku.

"Nimeambiwa habari zake husemwa hapa," alisema.

Unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Leokadia. Nikasema huyu Leokadia kanitumia ndugu yake ili anikomeshe. Lakini waya wa Ushirombo umekatika, na mabasi ya upande ule hayajapita siku mbili kwa sababu ya matope. Nikatazama chini. Uani kwangu palikuwa tope tupu, kila aliyepita ametoka na viatu vya udongo. Miguu ya mwanamke yule ilikuwa mikavu, na ina vumbi jekundu la kiangazi. Katika hadithi yetu, mpunga ulikuwa umeshavunwa. Kilikuwa kiangazi.

Nikafungua mlango. Alipozunguka kuja kuingia, mguu wa kushoto ulichechemea.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Hata mimi nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani mtu humkimbia anayetaka kumdhuru. Huyu aliingia, nikampa kiti, akakaa kwenye ncha yake, mikono mapajani, kama mtu aliyeleta mgonjwa hospitali na anasubiri kuitwa. Ungemkimbiaje mtu wa namna hiyo?

Nikamuuliza kwa nini amekuja leo, siku zote alikuwa wapi. Aliguna, akaweka kiganja juu ya tumbo.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Ila wewe unajua."

Lakini lililonivunja si hilo. Lililonivunja ni lililofuata. Alinitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Yu hai?"

Maneno mawili. Misimu miwili ya mvua mimi na Mama tumeshindwa kuyatamka. Na huyu, ambaye tulimtengeneza kwa maneno Jumapili mchana tukitafuna karanga, kayatamka kwa mara moja. Ningemwambia ndiyo, ningekuwa namdanganya. Ningesema hapana, ningekuwa namuua Maziku mara ya pili.

Nikageukia swichibodi, nikachomeka waya wa Shinyanga, nikazungusha mkono. Mzee Hamisi akaitika. Nilimweleza kwa kunong'ona kwamba hapa kuna mtu, anamuulizia Maziku. Nilitegemea atacheka, au atasema nina homa. Badala yake akauliza kama anaguna kabla ya kusema. Nikajibu ndiyo. Akauliza amesimama au amekaa. Nikasema amekaa.

"Mpe mkonga wa simu," alisema Mzee.

Nikampa. Mimi nikabaki nasikiliza kwenye chombo changu. Nyamizi alimwamkia kwa heshima, na Mzee akaitikia marahaba mwanangu, kama anayemfahamu tangu utoto wake. Kisha akamwambia hivi: "Shimo lilimfunika mume wako. Hilo limesemwa, na siwezi kukudanganya kwamba halikusemwa. Lakini hakuna aliyesema kwamba alikufa."

Akaanza kusimulia. Wallahi nimewasikia wasimuliaji wengi, sijasikia tena kama siku ile. Alisema udongo ulipoporomoka, gogo moja lilikaa mshazari juu ya Maziku, likazuia. Kukawa na pango dogo, na njia ya zamani ya wachimbaji wa kale ikileta hewa. Alikaa mle siku mbili, akilamba maji yanayotiririka kwenye mwamba. Alikuwa na chura mmoja mle ndani, na Maziku alimwogopa chura yule kuliko giza. Hapo Nyamizi alicheka. Kicheko kifupi cha machozi, na kwa mkono mwingine akafunika mdomo.

Mzee akaendelea kwamba wenzake walichimba kwa mikono usiku na mchana mpaka wakamtoa. Mkono wake wa kulia ulivunjika, ndiyo maana haandiki. Amelazwa kwa mama mmoja mtu mzima anayempikia uji. Salamu ametuma mara tatu, kwa watu wasiofika. Mkono ukishaunga atakuja, ataletwa na lori la pamba, atashukia mbele ya mlango. Sauti ya Mzee ilianza kukwaruza mwishoni, lakini hakuacha mpaka alipomfikisha Maziku mlangoni na kumvua viatu.

Nyamizi alinirudishia mkonga kwa mikono miwili. Akainuka, akajifunga khanga vizuri. Nilidhani ataondoka tu. Akanitazama usoni, akauliza, na wa kwako je? Nikasema sijui. Nikasema hatujauliza.

Safari hii hakuguna. "Uliza, mayu," alisema. "Mimi nimeuliza."

Akatoka. Nilimfuata baada ya hatua nne au tano, si zaidi. Kona ya ukuta alipopindia hapakuwa na mtu, na barabara nzima mpaka njia ya kwenda Nyahanga ilikuwa tupu. Kwenye tope la uani palikuwa na nyayo zangu tu.

Niliporudi, Mzee alikuwa bado kwenye waya. Aliuliza kama ameondoka, nikamwambia ameondoka. Tuliuacha waya wazi mpaka nikasikia adhana ya Shinyanga ikija kwa mbali kupitia waya, na yeye akaniaga aende kuswali.

Waya wa Ushirombo ulipotengenezwa nilimsimulia Leokadia. Alilia. Kisha akasema zamu ni yake. Jumapili ile tulimleta Maziku kwa lori kama Mzee alivyosema, tukavuta miezi, tukamzalisha Nyamizi mtoto wa kike bila shida yoyote, na Leokadia akambatiza. Baada ya hapo tukaacha. Hakuna aliyependekeza tuache. Tuliacha tu.

Na mimi niliuliza. Nilipiga Geita kwa kupitia Shinyanga na Mwanza, nikamwomba opereta wa kule atume neno machimboni. Siku ya tisa kifuniko kikaanguka, na upande wa pili alikuwa mwanamume aliyejitambulisha kuwa alilala chumba kimoja na kaka yangu. Idi alikufa. Si shimoni. Ni homa, mwaka mmoja nyuma, siku tatu tu. Walitaka kutuandikia, hakuna aliyejua anwani. Nilikwenda na baba mdogo. Wenzake walimzika vizuri, wamempanga mawe pembeni, wamemlaza kuelekea kibla. Walituambia alivyokuwa akiwachekesha, wakatukabidhi shati lake.

Kwa nini yule wa kutungwa atoke shimoni na wa damu yangu asitoke? Usiniulize. Ninachojua ni kwamba Mama alipolishika shati lile alilia kutwa nzima, kisha akalala usingizi ambao sikumwona nao kwa miaka miwili. Tukasoma hitima. Watu waliendelea kumwita Mama Idi, naye aliitika vizuri tu.

Mzee Hamisi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Siku ya mwisho kabla ya kustaafu alinipigia, na mwisho kabisa akasema kwamba sauti aliyoisikia jioni ile ndiyo aliyokuwa akiisikia kichwani tangu alipoanza kumtunga. Nami tangu siku ile siwezi kumsimulia mtu kisa nikakikatisha. Watoto wangu walilala wakiniacha bado nasimulia.

Siku hizi wajukuu zangu wanatunga hadithi kwenye simu pamoja na watu wa Tabora, wa Mwanza, hata wa nchi za watu, ambao hawajawahi kuonana nao. Huyu anaanza, yule anapokea. Wanacheka usiku kucha. Siwakatazi, naona wivu hata. Lakini ninawaambia, na wewe nakuambia: ukishampa mtu jina na ukampa wa kumsubiri, umebeba mzigo. Ukichoka, usimwache njiani. Mfikishe nyumbani kwanza, ndipo uende kulala. Mimi wangu alinikuta sina neno, nikampata Mzee Hamisi upande wa pili wa waya. Wewe wako akija, utampigia nani?