Kanisa Lililohama na Ramani Yangu

Kilichonishtua kwanza ni mkwaruzo wa benchi kwenye sakafu ya saruji. Nilipogeuka nikamwona Mama Konsolata, mjane aliyenilaza na kunilisha muda wote wa utafiti wangu, amesimama anajifunga kanga kiunoni (aibu hii naisimulia kwa kuwa kuificha kumenichosha), na macho yake yalikuwa ukutani, kwenye ramani yangu.

Nilikuwa nimenakili maktabani ramani ya zamani ya wamisionari, ambayo kwenye kila ntambo, yaani kilima cha ukoo mmoja, ina jina la mzee wa kwanza aliyekilima. Ili kuilaza juu ya picha ya setilaiti nilihitaji alama isiyo na shaka, nikachagua kanisa. Mto wa ramani ulikataa kulalia ule wa picha, kwenye kompyuta ulionekana unapanda mlima. Nikawaza sana (kuwaza ndiyo kazi ninayoiweza), nikahitimisha kwamba padre aliyechora alitetemeka mkono.

Kisha nikaialika nusu ya kijiji, huku karibu na Kigonsera, kwenye ukumbi wa parokia, nikawagawia nakala na kuwasha projekta. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuifuata kahawa hadi shambani, vilima vimepata wadai wengi, na Mzee Komba alikuwa akikidai kwenye baraza la ardhi kilima cha Mama Konsolata, jirani yake. Kesi hiyo niliijua. Ramani yangu ikaandika, juu ya mibuni ya mjane, jina la babu yake Komba.

"Someni wenyewe," alisema Mzee Komba bila kuinuka. "Mimi mnasema uzee umenivuruga. Na kompyuta nayo imezeeka?"

Watu wakacheka. Mama Konsolata akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ugali wangu ulikukosea nini?" Akatoka.

Nilipomfuata nilimpita katekista mlangoni, akiwakumbusha wenzake jinsi walivyolibomoa kanisa kule bondeni na kuyabeba matofali hadi hapa juu, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijiji kizima kilijua. Mto ulikuwa sahihi. Mimi nililifuata kanisa, nikauhamishia kila ukoo kwenye kilima cha jirani.

Sikurudi kuwaambia. Niliteremka hadi Mbamba Bay kwa shangazi yangu, nikakaa nikilitazama ziwa na kuisahihisha ramani ambayo hakuna aliyeingoja, nikiapa kwamba sitashikiza tena ramani kwenye jengo ambalo sijauliza limetoka wapi. Shangazi aliuliza tu baraza linakaa lini. Nikamjibu kwamba ni kesho. Akanisukumia simu yake, nikampigia mwenyekiti wa baraza.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Ramani ile nimeikosea mimi."

"Marahaba. Komba ameshaileta."

Nikamweleza habari za mto na kanisa, kwa mpangilio, kama ninatetea tasnifu. Alisubiri nimalize.

"Kanisa tunalijua, mwanangu, tulilibeba wenyewe. Lakini karatasi iko mezani, na karatasi haina aibu. Njoo uyaseme haya hapa, mbele ya mama wa watu."

"Nitakuja," nikasema. "Ila mwambieni asinipikie."