Niling'oa Kioo cha Gari la Kaka, Nikasema Liko Fiti

Mwenye kosa ni mimi. Sio fundi, sio mvua, sio barabara ya Mlali. Ni mimi! Ukimaliza kunisoma ukataka kunitukana, nitukane tu. Nimeshajitukana mwenyewe mpaka maneno yameniishia.

Majina nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa makamo, naishi Mwembesongo hapa Morogoro, kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi. Kaka yangu nitamwita Rajabu, na mke wake nitamwita Zuhura. Walikuwa wanaishi Mlali, kaka alirudi kule kulima nyanya na kabichi baada ya kustaafu.

Mimi na kaka tulikuwa na magari yanayofanana. Vile vijipu vidogo vya Kijapani vya milango mitatu, vilivyotengenezwa miaka michache tu halafu kiwanda kikaviacha. Yeye ndiye alianza, na mimi akanishauri nitafute kama lake. "Tukiwa nayo mawili, mdogo wangu, hatutapata tabu ya spea," aliniambia. Maneno hayo nilikuja kuyatumia vibaya, mtaona.

Miaka ikaenda, kaka akaanza kuumwa moyo. Miguu inavimba. Akipanda ngazi tatu za barazani kwake anasimama kuvuta pumzi. Kuendesha akawa hawezi tena.

Basi Zuhura, mwanamke aliyekuwa hajawahi kushika usukani maishani, akajifunza udereva akiwa bibi wa wajukuu! Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, kaka amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki anampigia kelele, "Klachi, mama, klachi!" Watu wa Mlali walikuwa wanakuja kutazama na kucheka. Wifi yangu hakujali. Alijifunza kwa sababu moja tu: siku kaka akizidiwa, amfikishe hospitali.

Lile gari halikuwa la matembezi. Na mimi nilijua. Nilijua kabisa!

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Lori lilinirushia jiwe kwenye barabara ya Iringa, kioo changu cha mbele kikapata ufa mdogo kama unywele. Nikaupuuza. Siku ya pili nikapita tuta kwa pupa, ufa ukakimbia kutoka upande wangu mpaka upande wa abiria. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi nilikuwa na harusi kubwa, ya familia inayojulikana hapa mjini, kazi niliyoililia miezi.

Nikaenda kwa fundi wangu wa vioo, nitamwita Kulwa. Akakizunguka, akakigonga kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mama, hiki kioo sikuahidi. Haya magari hayatoki tena. Kioo cha toleo lililofuata ni kipana, hakikai. Nitaulizia Dar kwa wanaochinja magari, lakini inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi."

"Nina harusi Jumamosi, Kulwa!"

"Si ukodi kirikuu?"

Kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo! Mimi, ambaye jina la biashara yangu limeandikwa ubavuni mwa gari kwa rangi ya dhahabu, nishuke mbele ya ukumbi ule kutoka kwenye kirikuu cha kukodi, nimekaa na mashada ya maua mapajani kama mchuuzi! Nikaona aibu. Jamani, aibu ile ndiyo iliyoniua. Gari lile la kukodi lingenifikisha vizuri tu, na leo nisingekuwa naandika.

Nikakumbuka gari la kaka.

Alhamisi asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Mlali. Nilijua Zuhura hayupo, siku hiyo huwa anapeleka nyanya gulioni na harudi mpaka jua lizame. Nilimkuta kaka peke yake, ameegemea mito.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na bodaboda? Gari lako vipi?"

Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi. Ningesema, "Kaka, kioo changu kimepasuka, niazime chako." Unajua angejibu nini? Angekataa, na angekuwa na haki. Au angekubali, halafu angemwambia mkewe, nao wangejipanga. Ningepata chochote kati ya hivyo viwili kwa sentensi moja.

Nikasema, "Gari langu liko kwa fundi, kaka. Nimeona niwasaidie na hili lenu, nilipeleke sevisi kidogo. Limekaa sana."

Akatoa ufunguo chini ya mto. Alikuwa analala nao. "Usichelewe nalo," akasema. "Zuhura anategemea hilo."

Kulwa alipoliona akaniuliza, "Mama, mwenyewe anajua?" Nikamjibu, "Gari la familia hilo, wewe fanya kazi." Akapiga kazi. Alikitoa kioo taratibu, akikata gundi kwa waya, nikashika upande mmoja mwenyewe kwa mikono yangu hii. Kikaingia kwenye gari langu kama kilizaliwa humo. Nilifurahi! Nilimnunulia Kulwa soda.

Halafu nikalirudisha gari la kaka Mlali likiwa na tundu mbele. Nilijifunga mtandio usoni, vumbi na wadudu vikanipiga njia nzima, macho yakawa mekundu kama nimelia. Kwa hiyo msidhani sikujua kuendesha gari lisilo na kioo kukoje. Nilijua. Na siku ile jua lilikuwa linawaka!

Nilipita njia ya nyuma ya nyumba. Nikaliegesha likielekea ukuta, nikalifunika kwa turubai analolifunikia kaka siku zote, nikafunga kamba kwa mafundo mawili. Nikaingia ndani nikiwa nimeshanawa uso.

"Vipi, liko sawa?" kaka akauliza.

"Liko fiti, kaka."

"Mungu akuzidishie, mdogo wangu. Huwa unatukumbuka."

Nilikwenda zangu.

Ijumaa Zuhura akanipigia kunishukuru. "Wifi, ahsante kwa sevisi. Jumatatu nampeleka kliniki, nilikuwa nawaza litawaka au litanigomea."

Nikacheka, eti nikamwambia, "Litawaka tu wifi, kuwa na amani." Moyoni nikajiambia, harusi ikiisha, Jumapili nitakwenda kuwaeleza, na Kulwa atakuwa ameshapata kioo Dar. Sikuwa na uhakika wowote na hicho kioo. Nilikuwa najibembeleza mwenyewe.

Jumamosi. Niliingia ukumbini tangu asubuhi. Vitambaa, maua, taa, jukwaa la maharusi. Mkoba nikauweka chini ya meza, na simu ndani yake. Mchana mvua ikaanza kushuka kutoka milimani, ile mvua nzito inayoifuta Uluguru yote usione hata kilele. Mimi nikawa nahangaika matope yasiingie kwenye zulia jeupe.

Alasiri nilipoitafuta simu nilikuta Zuhura amepiga mara tisa.

Nikapiga. Akapokea mwanamke nisiyemjua. "Wewe ni wifi yake? Njoo hospitali. Njoo haraka, dada."

Niliendesha kwenye mvua ile, na mbele yangu kioo kilikuwa safi. Waipa zinafuta vizuri kabisa, naona barabara yote, naona mpaka matawi yanavyoinama. Nililia njia nzima, kwa sababu nilikuwa naona na nilijua ni kwa nini naona.

Haya niliyasikia baadaye, kidogo kidogo, kwa watu mbalimbali.

Kaka alibanwa pumzi saa saba mchana. Zuhura akakimbilia gari, akahangaika na mafundo yangu, akavuta turubai. Akasimama pale. Wanasema alisimama kama mtu aliyepigwa. Kisha akampakia mumewe hivyo hivyo, akawasha, akaondoka.

Mvua ilikuwa inamwingia usoni. Inamwingia kaka kifuani, mtu asiyeweza kuvuta pumzi! Zuhura alivua kanga yake ya juu akamfunika, akawa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili anafuta macho. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kushuka hakuona ukingo, gari likaingia mtaroni.

Watu walitoka majumbani wakasukuma, likagoma. Wakasimama barabarani kwenye mvua mpaka likapita lori la fuso lenye kabichi, dereva akawapakia mbele. Kaka yangu alikata roho humo ndani, kichwa kimelala begani kwa mkewe, kabla hawajaifikia lami.

Daktari alituambia moyo ulikuwa umechoka sana, kwamba huenda hata wangewahi isingebadilisha kitu. Huenda! Watu wananirudishia neno hilo wakidhani wananifariji. Nitajuaje? Nani atanijulisha? Nitakufa sijui.

Tulimzika Jumapili. Na hapa ndipo nilipozidisha ubaya, maana mpaka hapo bado kulikuwa na nafasi ya kusema.

Pale msibani wanaume walikuwa wamelizunguka lile gari, limevutwa kutoka mtaroni limejaa matope, wanasema, "Wezi hawa! Wamemng'olea mgonjwa kioo!" Mmoja akanigeukia, "Dada, umeona unyama huu?" Na mimi, kwa mdomo wangu, nikajibu, "Watu hawana utu kabisa!" Nikafuta machozi na mtandio. Wakanionea huruma!

Gari langu lilikuwa limeegeshwa hatua kumi kutoka pale.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Zuhura aliniita chumbani. Alikuwa ameshakaa eda, amejifunika nguo nyeupe, dirisha lake linatazama uani. Akaniambia nifunge mlango.

"Wifi, kioo cha gari lako umebadilisha lini?"

Nikajifanya naweka sawa mtandio.

"Kile cha kwetu kina karatasi ya nenda kwa usalama aliyoibandika Rajabu, ikapinda pembeni, akajaribu kuibandua ikachanika nusu. Nimekaa hapa dirishani siku tatu, naitazama ipo kwenye gari lako."

Nilianguka magotini. Nikamshika miguu, nikasema yote, harusi, kirikuu, fundi, kila kitu. Sijui nilitegemea nini. Labda anipige. Ningeshukuru angenipiga.

Hakunipiga. Alisubiri nimalize, akasema kwa sauti ya chini, "Jumamosi asubuhi jirani alikuwa anakwenda mjini na gari lake. Alipita hapa akaniuliza, mama, mgonjwa anaendeleaje, niwachukue akaonwe leo? Nikamwambia nenda tu baba, tuna gari letu. Wifi yangu amelitengeneza juzi."

Jamani! Niliposikia hivyo nilitamani ardhi inimeze.

"Ungechukua kioo ukaniambia," akaendelea, "ningepanda na jirani. Sikulilii kioo, wifi. Ungechukua kioo, hata milango ungeondoka nayo. Uliniambia liko fiti."

Kisha akageukia ukutani. Tangu siku hiyo sijasikia sauti yake.

Kabla jua halijazama ukoo wote ulikuwa unajua. Baba mdogo alinifuata kwenye gari akaniambia nisikanyage kwenye arobaini. Watoto wa kaka, niliowabeba mgongoni, tukikutana sokoni wanavuka upande wa pili.

Wiki mbili baada ya maziko Kulwa alinipigia, ana furaha. "Mama, una bahati! Kile kioo kimepatikana Dar, kimeshuka na basi leo, hakina hata mkwaruzo!"

Nilikifunga kwenye magodoro, nikampeleka Kulwa na vifaa vyake mpaka Mlali. Sikuingia uani, nilisimama barabarani nikamtuma yeye aombe ruhusa akifunge. Alitoka ameinamisha kichwa.

"Mama, amesema gari hilo tena la kumpeleka nani."

Tukarudi mjini na kioo chetu.

Sasa hivi kazi ya harusi nimeiacha. Nikiingia ukumbini nikasikia muziki natafuta mkoba wangu nitazame simu. Watu wa dini wameniambia nitubu, nimetubu, naendelea kutubu. Lakini aliyenipa ufunguo kutoka chini ya mto wake amekufa akiniombea kheri, na mwenye uwezo wa kunisamehe amegeukia ukuta. Nimetuma wazee mara mbili, wamerudi na jibu lile lile, kwamba hataki kuniona. Eda imekwisha, Zuhura amefunga nyumba, amerudi kwa ndugu zake Mgeta. Sidhani kama kuna siku atanifungulia mlango. Naandika hivi nikijua hivyo.

Wewe unayesoma, kama umechukua kitu cha mtu na hajui, sijali ni nini na sijali umepanga kukirudisha lini. Mwambie mwenyewe hakipo, ili asikitegemee. Atakukasirikia, atakutukana, mtanuniana mwaka mzima. Kubali! Pokea matusi ungali una mtu wa kukutukana.

Mimi nilikuwa na Alhamisi jioni. Nilikuwa na Ijumaa nzima, tena Zuhura mwenyewe alinipigia, nilikuwa naye sikioni. Nilikuwa na Jumamosi asubuhi mpaka saa saba mchana. Mpigie sasa hivi.