Nusu Yangu ya Shamba

Bwana shamba aliyetufundisha kupulizia dawa ndiye huyo huyo aliyekuja kutuambia tuache. Miaka ya nyuma alisimama nje ya nyumba yetu hapa Bunda akasema tuchome mabua yote, wadudu wafe. Safari hii akasema tuyaache yaozee shambani, na badala ya dawa ya dukani tutwange mwarobaini na pilipili.

Nikamuuliza, "Sasa bwana shamba, ulikosea zamani au unakosea leo?"

Akacheka, akasema elimu inabadilika. Mimi sikucheka.

Mume wangu alikataa. "Mahindi siyo kitu cha kujaribia," alisema. Tukagawana: upande wa barabarani wake, wa bondeni wangu.

Viwavi walikuja mahindi yakiwa yamefika magotini. Yeye alipulizia mara moja, wakafa. Mimi nilitwanga mwarobaini hadi viganja vikatoka malengelenge, nikaloweka na pilipili, nikachuja kwa kipande cha kanga, nikamimina kwenye moyo wa kila mche. Siku ya tatu nikafunua jani, nikamkuta kiwavi amenenepa. Nikarudia. Sikujua kama dawa ilikuwa nyepesi, au inahitaji muda, au nimewapikia mchuzi.

Kisha shangazi yangu akafariki, nikaenda msibani Kibara siku tano. Niliporudi nilipitia shambani kwanza, mkoba bado begani. Mahindi yalikuwa yametoa majani mapya, safi. Hakuna kiwavi. Nilikaa chini pale pale nikalia.

Habari zikaenea. Wakaja wakulima kutoka Butiama, wengi wao kina mama, na madaftari yao. Nikawaeleza vipimo vyangu, wakaandika. Mume wangu alisimama nyuma akitazama viatu vyake.

Walipoondoka, tukiwa tunakusanya vikombe vya chai, akaniambia, "Mama watoto, ulipokuwa Kibara nilipulizia upande wako. Nilikuwa nakuonaga kila asubuhi umeinama kule. Nikakuonea huruma."

"Wote?"

"Mistari ya juu tu. Dawa iliniishia katikati."

Nikashuka bondeni. Nilipita mara mbili, mara tatu, nikitafuta pale dawa yake ilipoishia. Sikupaona. Mistari ya juu na ya chini ilikuwa sawasawa. Labda ni mwarobaini. Labda ni mvua kubwa iliyonyesha wiki ile. Labda dawa haikuishia katikati, ila yeye hakutaka kuniumiza zaidi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilitaka kumshukuru, nalo likanishinda.

Kesho yake nilimpigia simu mama aliyewaongoza wale wa Butiama, nikamweleza yote. Nikasikia akipekua daftari lake.

"Sasa dada, tufute tulichoandika?"

"Sijui," nikamwambia. "Andikeni kwamba sijui."

Mahindi tulivuna, pande zote mbili, na ukiyachanganya kwenye kihenge huwezi kuyatofautisha. Watu wananiuliza kama ile njia inafaa, nami najikuta naanza sentensi bila kuimaliza.

Msimu huu nimepanda tena bondeni. Mume wangu ameahidi hatagusa. Jana alikuja na ndoo yake, akaniomba nimfundishe, ajaribu mistari miwili upande wake. Nilimwonesha, na kila hatua nikamwambia kwamba sina hakika. Akaendelea tu kukoroga.