Mzee Sefania Kapiga Biti

Mzee Sefania wa Kwai, kijiji cha mlimani Lushoto, alikuwa mtu wa karoti na ng'ombe wawili wa maziwa, ila mikono yake haikuwahi kukubali kazi hiyo. Meza ikikaa kimya mbele yake, aliigonga. Ndoo ya maziwa aliigonga, mlango wa zizi aliugonga, na hata mgongo wa ng'ombe, aliyevumilia kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Mkewe Evelina alishazoea. Alisema ameolewa na mvua ya mawe, na mvua ya mawe haikatazwi, unaondoa tu vyombo.

Ugonjwa huo aliupata Tanga mjini, mwishoni mwa miaka ya sabini, alipokuwa kijana mwenye nywele nyingi na suruali pana, mpiga dramu wa bendi ya roki ya vijana wa bandarini. Roki yenyewe waliisikia kwenye santuri walizoachiwa na mabaharia. Bendi ikafa, nywele zikaenda zake, Sefania akarudi mlimani, akaoa, akaingia kwaya ya Kilutheri. Kwaya ilipopata dramu, nani mwingine angekalia kile kiti? Alikikalia miezi mitatu. Ubeti ukiisha alitia manjonjo, ukianza alitia manjonjo, na katikati pia, maadamu nafasi ilikuwepo. Siku alipolipasua toazi katikati ya wimbo wa mazishi, hadi wafiwa wakageuka kulitazama jeneza, Mwalimu Dorkasi, kiongozi wa kwaya, alimpa kayamba na kumsogeza safu ya nyuma.

Sasa ulikuwa mwaka wa sita tangu apewe kayamba. Sefania alitikisa kayamba kila Jumapili na kila Jumapili ilimuuma. Hakutaka uzee wa kanisa wala ujumbe wa kamati. Alitaka kile kiti tu.

Ikatokea kwaya ikaenda kurekodi Lushoto mjini, studio ya Dula, mtu wa Tanga aliyekuja kutengeneza simu akaishia kutengeneza muziki. Wakati waimbaji wa sauti ya kwanza wanabishana ni nani aliyetoka nje ya ufunguo, Dula alijipigia biti yake ya hip-hop polepole. Sefania akasogea.

"Huyo anayepiga dramu humo ni mtu wa roki," alisema.

"Shikamoo mzee. Hii ni hip-hop."

"Marahaba. Hip-hop sikatai, lakini sikiliza huo mguu kwenye dramu kubwa. Huyo ni mtu wa roki, mmemkata hajamaliza kusema. Akitoka hapo anashuka hivi."

Akammalizia juu ya meza ya Dula kwa vidole kumi. Kikombe cha chai kilianguka. Dula alicheka kwa adabu, akakiri kwamba kipande kile alikitoa mtandaoni tu, hajui ni cha nani. Kwaya ilipoondoka alikitafuta, akaupata wimbo mzima: magitaa yanalia, na mpiga dramu anashuka vilevile alivyoshuka Mzee Sefania, pigo kwa pigo. Dula alikaa kitako. Tangu utotoni aliapa kwamba muziki wake hauna udugu na watu wa magitaa, kumbe maprodyuza wakubwa aliowaiga walikuwa wakiwakatakata wapiga dramu wa roki miaka nenda miaka rudi.

Wiki hiyohiyo aliazima dramu kwa jamaa zake wanaopiga muziki harusini, akamwita Sefania. Mzee alipiga dakika ishirini bila kupumua. Alipiga miaka sita yote. Siku Dula alipomwita asikilize matokeo, mzee alikuta sekunde nne tu, zinazunguka kama ng'ombe wa kukamua miwa.

"Na zile dakika nyingine?"

"Mzee wangu, hapa ndipo ulipokuwa unapumzika. Hapa ndipo patamu."

Sefania alirudi Kwai na hasira, akakamua bila kugonga chochote. Evelina alimuuliza kama ana homa.

Juu ya sekunde hizo nne akachana mistari Vumilia, dada wa kurap mwenye ulimi wa wembe, na mwanzoni kabisa akapaza sauti: "Mzee Sefania wa Kwai kapiga biti!" Bodaboda wakaupenda wimbo huo, ukavuma mlimani mpaka Mazinde huko chini. Tatizo ni kwamba wazee wa usharika walijua biti moja tu, ile ya kumpiga mtu biti, yaani kumtisha akome. Jumamosi Sefania akaitwa mbele ya baraza.

"Mghosi," alianza Mzee Emanueli, mwenyekiti, akimwita bwana kwa kilugha, "inatangazwa barabarani kwamba umepiga biti. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Wazee wakatazamana. Walitegemea angalau akane kidogo.

"Umempiga nani?"

"Nimempigia Dula, wa Lushoto."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Aliniomba mwenyewe."

"Aliomba atishwe?" Emanueli alivua miwani. "Na baada ya hapo?"

"Akanikata vipande, akabakiza sekunde nne."

Ilibidi Mwalimu Dorkasi, aliyeitwa kama shahidi wa tabia, aeleze kwamba biti ni midundo. Emanueli hakuridhika. Alitaka biti hiyo ipigwe hapohapo kanisani, isikike kama inamfaa Mkristo. Dorkasi akakunja mikono na kuanzisha wimbo wa mavuno, wazee wakaitikia.

Sefania alikaa kwenye kile kiti. Alijua akiharibu leo, hatakikalia tena maisha yake. Ubeti wa kwanza ulipokaribia mwisho mikono ilimwasha. Manjonjo yalimjaa kama chafya. Akazikumbuka zile sekunde nne alizozichukia. Akazipiga tu hizo, akazirudia, ubeti wa pili, wa tatu, mguu uleule wa roki, bila kuongeza hata pigo moja. Na kwa kuwa sasa hakuwa na kazi nyingine, masikio yalibaki bure, akaanza kusikiliza. Wimbo ulimhusu mkulima anayeshukuru kwa mbegu aliyodhani imeoza. Machozi yakamlengalenga, na hakuona aibu. Walipomaliza, Mzee Emanueli alikuwa bado anatikisa kiatu.

"Alhamisi, kwenye mazoezi, utakaa kwenye dramu," alisema Mwalimu Dorkasi. "Ila niambie, baba, mbona zamani hukupiga hivi?"

Sefania alijifuta kwa mkono wa shati.

"Mwalimu," alisema, "zamani nilikuwa sijui mnaimba nini."