Mwamba wa Goli Uliobeba Zabibu

Kama hujawahi kuona goli likienda nyumbani kulala, basi hukuifahamu timu yetu ya mtaa wa Kikuyu. Ilikuwa timu ya kulipwa nusunusu: posho ilikuja mfadhili alipokumbuka, na siku zilizobaki kila mtu alikuwa na kazi yake. Mmoja aliendesha bodaboda, mwingine aliuza mabati, na mimi, beki wa kushoto, nilifundisha shule ya msingi. Fahari yetu ilikuwa magoli ya chuma. Fundi mmoja wa Kizota aliyachomelea kwa namna ya kufunguka, maana chuma kikilala uwanjani, asubuhi utakikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo baada ya mechi tuliyafungua, na kila kipande kikapewa mtu wa kukitunza.

Hapa nieleze taratibu, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibikia. Mwamba, yaani kile chuma cha juu ambacho watangazaji wa redio hukiita mtambaa wa panya, ni mrefu kuliko chumba cha kupanga. Mwamba mmoja alikabidhiwa golikipa wetu. Chumbani kwake haukuingia, kwa hiyo mkewe akashauri upelekwe kwa mama yake, nyuma tu ya uwanja. Wakaulaza uani juu ya miti miwili yenye panda. Ligi ikaenda mapumzikoni, nasi tukausahau. Lakini pale uani palikuwa na mzabibu, na mzabibu ukiona pa kupandia hauulizi ni pa nani.

Tulikwenda kuuchukua asubuhi ya mechi ya kwanza ya msimu, siku ya Jumapili. Tukakuta vishada vimening'inia kutoka mwanzo wa chuma hadi mwisho, vimebakiza siku chache tu kuvunwa.

Usicheke kwanza. Msimu uliotangulia tulikosa mechi kwa sababu ya usafiri, na wasimamizi wa ligi walikwishatuonya: tukishindwa kucheza mara moja zaidi, timu inaondolewa. Wageni wetu walikuwa njiani kutoka Haneti. Karakana za Kizota zilikuwa zimefungwa, fundi yuko kanisani. Kamba badala ya mwamba ingetosha kwa mechi za mtaani, lakini hakuna refa wa ligi ya mkoa anayeikubali.

Golikipa ndiye aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko sote. Uwanjani aliwafokea mabeki, washambuliaji, hata waokota mipira. Lakini kwa mila zetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali, kwa hiyo alibaki nje ya ua, uso ameuelekeza barabarani. Tukaingia mimi na nahodha, tukatoa shikamoo, tukaeleza shida yetu kwa adabu zote.

Mama alitusikiliza huku akipepeta karanga.

"Chuma ni chenu, sikatai," akasema. "Zabibu ni zangu. Sasa chuma kikiondoka, zabibu zangu zitashikwa na nani?"

Nje ya ua mtu akakohoa.

"Na huyo anayekohoa huko mwambieni nimemsikia."

Makubaliano yakawa hivi: wachezaji wa akiba wangeushika mzabibu kwa mikono mpaka mechi iishe. Walikuja na jezi zao, wakapangwa mstari mmoja, mikono juu kama waliokamatwa. Tukauchomoa mwamba polepole, tukitengua vikono vya mzabibu kimoja kimoja, na mama akisimamia kazi kuliko kocha yeyote niliyewahi kuwa naye. Mrefu aliwekwa katikati. Winga mmoja akahamishwa kwa kosa la kutazama vishada kwa jicho la njaa.

Mechi ilianza kwa wakati. Wale wa Haneti walikuwa wepesi, nasi tulijihami zaidi ya kushambulia. Kipindi cha pili kiungo wetu akabanwa na misuli, kocha akageukia benchi, benchi tupu. Mwokota mipira mmoja akatumwa uani mbio, naye ndiye aliyetusimulia ya huko. Mama akapitisha macho kwenye mstari wake.

"Mchukueni huyo mfupi," akaamua. "Tangu asubuhi ananyoosha vidole tu, hagusi kitu." Kisha yeye mwenyewe akapanda kwenye kinu kilichopinduliwa, akashika pale mfupi alipokuwa.

Karibu na mwisho mshambuliaji wao alipiga shuti ambalo golikipa wetu alilisindikiza kwa macho. Likagonga mwamba, likarudi uwanjani, na jani kavu la mzabibu likamdondokea golikipa kichwani. Tukatoka bila kufungana. Timu ikabaki kwenye ligi.

Golikipa aliubeba mwamba begani mpaka kwenye ua, akasimama kuupa ua mgongo, akakohoa.

"Nimeambiwa chuma kimekuokoa," mama akasema kutoka ndani. "Kirudishe mahali pake, nacho kipumzike."

Tukaurudisha chini ya matawi. Ndipo mama akakata vishada vilivyokwisha kuiva, akawagawia wa akiba, waliokuwa wakikandana mabega. Sisi tuliocheza tukapewa maji.

Mechi iliyofuata ya nyumbani zabibu zilikuwa bado hazijaisha. Kocha aliposoma majina ya wanaoanza, mshambuliaji wetu tegemeo alinyoosha mkono, akauliza kwa upole kama hawezi kuanzia benchi.