Saa ya Moral

Kwanza mnisamehe mwandiko na makosa. Nimemaliza shule ya msingi na mwaka mmoja tu juu yake, na mkono wangu huenda polepole. Neno likiwa refu, nikifika mwisho wake nimesahau mwanzo. Tena sisi wa Lubumbashi tunasema mutoto na muntu, na kitabu kinataka mtoto na mtu. Ninajaribu kufuata kitabu. Pale mkono utakaposahau, someni kama mnavyomsikiliza mtu akisema.

Kwetu neno moral lina maana mbili. Shuleni ni somo la tabia njema, analochagua yule asiyetaka somo la dini. Nyumbani ni ule moyo unaompa mwenzako asichoke. Mgonjwa hupewa moral. Timu inayofungwa hupewa moral. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu niliijua hii ya pili tu.

Siku ya kujiandikisha sekondari nilikwenda peke yangu. Mama anauza samaki wakavu wa Pweto sokoni, na siku hiyo mzigo ulikuwa umefika. Baba alikuwa mlinzi kwenye mgodi huko upande wa Kinsevere, tulimwona Jumapili mbili kwa mwezi. Mama alininyooshea kola kwa mikono inayonuka samaki, akaniambia, "Uende na moral, mama. Bantu habakuli muntu." Niliyarudia maneno hayo njia nzima: watu hawali mtu.

Katibu wa shule hakuinua macho. Aliuliza jina, akaandika. Aliuliza shule niliyotoka, akaandika. Halafu akasema, "Dini ao moral?"

Nilidhani ameona ninavyoogopa. Nilidhani ni mtu mwema anayeniuliza nimekuja na nini, sala au moyo.

"Moral," nikasema.

Hapo akaniangalia. Akauliza kama nyumbani wanakubali. Mimi mtu mkubwa akiniuliza kitu huitikia kwa kichwa, hata kama sijaelewa. Nikaitikia.

Jumanne ya kwanza, saa ya nne, mwalimu wa dini aliingia na orodha. Alisoma majina yote, langu halikuwemo. Akaniambia kwa upole nichukue daftari langu, kule mwisho wa baraza kuna chumba. Nilitoka nikiangalia sakafu. Kabla sijafika mlangoni, msichana niliyekuwa nimekaa naye alikuwa ameshasogea kujaza nafasi yangu. Sikumlaumu, dawati lilikuwa na wanne.

Kile chumba kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Katikati palikuwa na viti viwili vizima na ubao mdogo. Prof wa moral, maana ndivyo tunavyowaita walimu wa sekondari, alikuwa mzee, koti la kahawia limepigwa pasi ingawa viwiko vimeisha. Alikuwa ameshaandika tarehe ubaoni kwa chaki, na chini yake amepiga mstari kwa rula. Akafungua daftari la mahudhurio, akasoma jina langu lote, la baba na la babu, akasubiri. Nilikuwa mbele yake, magoti yetu karibu yagusane.

"Niko, Prof," nikasema.

Akaweka alama. Akanieleza kwamba miaka mitatu hakuna aliyechagua moral, na saa hiyo alikuwa akikaa chumba cha walimu anasoma magazeti ya zamani. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Nyumbani nilipoeleza, mama alicheka mpaka akakaa chini. "Ile moral nilikupatia ni ya ku roho," akasema, "haiko ya ku fishi," maana yake ile karatasi ya kujiandikisha. Babu yake alijenga reli, na tangu babu huyo sisi ni watu wa misa; mtoto wake hawezi kukosa dini kwa sababu ya neno moja. Baba alipokuja Jumapili akaandika barua kwa mkuu wa shule, mistari minne, kwamba mtoto alikosea, arudishwe kwa wenzake. Akaniambia niipeleke kesho yake.

Kesho yake nilikuwa na homa. Jumanne pia sikwenda. Jumatano nilipofika na barua kwenye begi, mlinzi wa getini akaniita. Akasema kwamba jana Prof wangu alikaa kwenye kile chumba saa nzima, mlango wazi. Alikuwa ameandika tarehe ubaoni. Kengele ilipolia akaifuta, akaenda.

Nilipita mbele ya ofisi ya mkuu wa shule. Sikuingia. Nilisema nitaipeleka wiki ijayo, na wiki iliyofuata nikasema tena hivyo.

Wenzangu walinipa jina. "Moral, unaenda wapi?" waliniuliza kila Jumanne nikitoka. "Moral, utupatie moral kidogo, tuko na maths." Haikuwa chuki. Lakini mtu akiitwa hivyo hana wa kwenda naye nyumbani. Kwenye mapumziko walizungumza juu ya wimbo waliofundishwa, mchezo wa Noeli, nani atakuwa malaika. Mimi nilisimama karibu na bomba nikijifanya nina kiu. Nilikunywa maji mengi sana mwaka ule.

Ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba. Siku moja tulikuwa kwenye somo la ukweli. Prof alikuwa ameandika kwamba ukweli ni kusema kitu kama kilivyo, hata kama hakikupendezi. Upande wa pili darasa likaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa parokia yetu, ninaujua tangu sijajua kusoma, na midomo yangu ikaufuata bila mimi kuiambia.

Prof akashusha chaki. "Unajua ule wimbo?"

"Apana, Prof."

Aliniangalia kidogo. "Ulichagua kukaa hapa na miye, ao?"

"Ndiyo, Prof."

Akageukia ubao na kuendelea. Barua ya baba ilikuwa ndani ya daftari nililolishika, imekunjwa mara nne. Ningeitoa, ningerudi kwa wenzangu siku hiyo hiyo. Na yeye angerudi kwenye magazeti yake. Nilikuwa nataka sana kurudi. Niliimba wimbo ule njiani, peke yangu, nikanyamaza kila mtu alipokaribia.

Baba akiuliza, nilisema mkuu wa shule bado anafikiri. Kwa hiyo katika somo la ukweli nilijifunza kudanganya watu wawili.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa na swali moja, ubaoni: Andika uongo mmoja uliousema wewe mwenyewe, na ueleze ulimuumiza nani. Ningeweza kuandika juu ya sukari niliyolamba nikiwa mdogo. Nilishika kalamu muda mrefu. Halafu nikaandika kila kitu: kola, katibu, neno lenye maana mbili, wimbo, barua. Niliandika kwamba sijui nani aliumia zaidi. Kengele ililia, darasa zote zikatoka, mimi niko katikati ya ukurasa. Prof hakunihimiza. Alikaa anaangalia madawati yaliyovunjika kama mtu anayelinda kitu cha thamani. Nilipomaliza niliweka barua ya baba ndani ya karatasi yangu, nikampa.

"Prof atasoma leo?" nikauliza. Lilikuwa swali la kwanza nililomuuliza mwaka ule.

Akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. "Nitasoma ku nyumba," akasema. "Polepole, sawa vile umeandika."

Buletini, ile karatasi ya matokeo, ilipotoka, kwenye mstari wa moral kulikuwa na pointi zote. Hakuna neno pembeni, na karatasi haikurudi. Likizo hiyo kazi ya baba mgodini iliisha, nikaenda ziwani Pweto na mama kukausha samaki, na shule ikaishia hapo. Kule ziwani nilizihesabu zile pointi kwa namna mbili. Mara nilisema amefurahi kwamba nimesema kweli. Mara nilisema amenipa zote kwa sababu hakutaka nione kwamba ameumia.

Mwaka jana nilirudi Lubumbashi, nikapita pale shuleni. Mlinzi ni yule yule. Aliniambia kwamba mwaka uliofuata Prof aliendelea kuja Jumanne, anafungua kile chumba, anaandika tarehe, anakaa. Mlinzi akimuuliza, Prof alisema pengine mwanafunzi wake amechelewa. Halafu pensheni ikamkuta, akahamia kwa watoto wake, mlinzi hajui mji gani.

Kwa hiyo alisoma kwamba nilikuwa pale kwa makosa, na bado alinisubiri. Sijui la kufanya na jambo hilo. Siwezi kumuuliza.

Ninawauliza ninyi mnaosoma. Ilifaa nipeleke ile barua mwezi ule wa kwanza wa shule, ao nilifanya vizuri kukaa? Mniandikie, na mumpe karatasi yule anayekusanya maandishi haya, atanifikishia. Mwandiko ukiwa mbaya si kitu. Nitasoma polepole.