Kikao cha Moto na Kambi Niliyoihamisha

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kupika, lakini sikushika hata mwiko. Mkuu wa Kambi, Mfipa mmoja mrefu mwenye sauti ya mhubiri, alinitoa jikoni akanipeleka mpaka mwisho wa mahema, akanyoosha mkono kuelekea nyika yote iliyokuwa mbele yetu. Akaniuliza: moto ukitokea kule, mimi nitakimbilia wapi? Mimi mtoto wa Mwese, niliyezoea kupanda milima kwa miguu, nikajibu kwa kujiamini kwamba nitakimbilia kwenye gari. Alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Gari lina mafuta na matairi, binti. Wewe kimbilia palipokwisha kuungua."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza katika kazi ya kuandaa safari za uwindaji, na nililipata kabla sijaonyeshwa chumvi ilipo. Nyie vijana mnaoingia kazi hii sasa mna simu zinazowaonyesha moto kwa vidoa vyekundu, na mimi sina wivu, ni vizuri. Ila acheni niwaeleze sisi tulivyofanya, maana vidoa havisemi kila kitu.

Kwanza muijue kazi yenyewe. Kampuni hupewa kitalu, yaani eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji wa wageni kwa kibali. Msimu hufunguliwa mwezi wa saba, nyasi zikiwa zimekauka, na hapo ndipo penye kichekesho: wakati mzuri wa kumwona mbogo ndio wakati mzuri wa pori kuwaka. Nyasi zikiwa mbichi humwoni mnyama hata akiwa mbele ya pua yako. Zikikauka unamwona, lakini kijiti kimoja cha kiberiti kinaweza kukufukuza. Kwa hiyo anayepanga safari anapanga vitu viwili kwa pamoja, mawindo na moto, na akisahau kimoja hata hicho kingine hakipati.

Mkuu wa Kambi alinifundisha kupanga huku nikikaanga vitunguu. Alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko na kuniuliza maswali, nami najibu bila kugeuka. Kambi ndogo ya porini unaiweka wapi? Karibu na maji, lakini si kwenye matete. Njia za kutoka ni ngapi? Mbili, na zisielekee upande mmoja. Mafuta ya gari yanakaa wapi? Mbali na mahema, upande ambao upepo hautoki. Uzio wa bafu unajengwa kwa nini? Hapo wengi walikosea. Wageni wanapenda uzio wa nyasi, unapendeza kwenye picha, na vijana wetu ni mafundi wa kuusuka. Lakini ukizungusha nyasi kavu kwenye kambi ya mwezi wa tisa, umeupikia moto na kuutengea kabisa. Yeye alitaka turubai. Wageni walinuna, yeye akawaambia wanune wakiwa wazima.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuchoma mapema. Mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo, unachoma maeneo uliyochagua, moto unatembea pole pole na jioni unalala wenyewe. Baada ya hapo kunachipua majani mabichi na wanyama wanayafuata. Pale peusi ndipo unapoweka akiba yako ya kukimbilia. Lakini angalia: miti yetu ya miombo hupukutisha majani kiangazi kikikolea, na ardhi uliyoichoma mwezi wa tano inaweza kufunikwa zulia jipya la majani makavu. Mkuu alikuwa akitupeleka kufagia pale peusi kwa matawi. Watu wa kambi jirani walituona tunafagia pori wakadhani tumerogwa.

Na huwezi kuchoma kama uko peke yako duniani. Ndani na pembezoni mwa kitalu chetu walikuwapo warina asali, Wakonongo wengi wao, wenye vibali vyao na mizinga ya magome waliyoitundika juu ya miti tangu enzi za babu zao. Hapo ndipo palipokuwa na desturi ambayo sijaiona kokote kwingine, ikiitwa kikao cha moto. Kila mwezi wa tano sisi wa kampuni na wao wa asali tulikaa chini pamoja, tukanywa wanzuki, pombe ile ya asali inayokupanda kichwani huku ukiisifu utamu, tukagawana pori: nyie mtachoma hapa, sisi pale, na baada ya mwezi wa sita hakuna anayewasha kiberiti bila kumwambia mwenzake. Hakukuwa na karatasi. Ulisema mbele za watu, ukanywa, basi.

Msemaji wao alikuwa Mzee Maganga, mtu mfupi mwenye mzaha mwingi. Mwaka ule Mkuu wa Kambi alipostaafu, Meneja wa Kampuni aliyekuwa ofisini Kashaulili, Mpanda, aliniita mjini akaniambia nipange safari za msimu ule. Alisema wazi kwamba ananijaribu. Nikiharibu narudi kwenye sufuria zangu, na wapo wanaume wanaoingoja nafasi hiyo. Nilikubali kwa sauti ndogo, nikatoka nje nikanunua vitenge viwili kwa furaha. Kwenye kikao nilisema yale maneno kwa kinywa changu mwenyewe: hakuna kiberiti bila kuambiana. Mzee Maganga akaniuliza kama mama wa jikoni anaweza kukaa bila kuwasha moto, watu wakaangua kicheko, nami nikanywa.

Mwezi wa tisa akaja mgeni mkubwa, mzee wa ndevu nyeupe aliyetaka mbogo dume na mandhari nzuri, na nadhani mandhari aliitaka zaidi. Aliongozwa na Mwindaji Bingwa, yaani mwindaji mwenye leseni ya kuongoza wageni, mtu wa Arusha, hodari na mwenye haraka. Niliweka kambi kwenye ukingo wa korongo lenye maji, na choo cha mgeni kikitazama bonde zima. Upande wa magharibi, mbele kidogo ya nyasi ndefu, ilianza miti ya mizinga ya Mzee Maganga. Upande wa kusini kulikuwa na peusi petu, tulipopafagia vizuri.

Siku ya tatu wao wakiwa mawindoni, msoma nyayo wetu mmoja aliyebaki kambini alinionyesha moshi mashariki, nyuma ya kilima. Sijui hata leo aliuwasha nani. Ulikuwa mbali bado, lakini upepo ulikuwa unatoka huko huko. Nikampigia redio Mwindaji Bingwa. Hakusita.

"Mama Neema, choma kuzunguka kambi sasa hivi. Moto mkubwa ukifika ukute pameshaungua, utapita pembeni."

Alisema kweli. Ndivyo inavyofanywa, na kambi ingepona. Lakini nilitazama magharibi. Moto ambao ningeuwasha pale mchana ule, upepo ukiwa mkali, ungeingia kwenye nyasi ndefu na kufika kwenye mizinga kabla wenyewe hawajajua. Moto wa mchana unapanda mitini, wa jioni unatembea chini. Ule wa kilimani ungewafikia jua likizama, na kama wangepata habari mapema wangeweza kufyeka chini ya miti yao na kuungojea. Nilichohitaji kuwapa ni ule mchana tu. Na nilikuwa nimesema mbele za watu, nikanywa.

Nikamjibu kwamba sitachoma, ninahamisha kambi. Akaniuliza kama najua ninaongea na nani. Nikasema najua, na naomba radhi, ila ninahama. Niliogopa sana, msidhani nilikuwa shujaa. Kamba za hema zilinishinda kufungua, kijana wa maji akanifungulia.

Nilimtuma msoma nyayo na pikipiki kwa warina. Sisi wengine tukaanza kubeba. Tulipakia mahema, magodoro, sufuria zikiwa na maharage ya moto ndani, tukapeleka kila kitu kwenye peusi pa kusini. Kitu pekee tulichosahau kilikuwa choo cha mgeni na mandhari yake. Alasiri moto ulipita kwenye ukingo wa korongo tukiutazama kutoka kwenye masizi, wote weusi usoni, na mtu mmoja akauliza kama maharage yameiva. Tulicheka kama wendawazimu.

Mgeni aliporudi hakucheka. Alikuta kambi haipo, na ilipo sasa ni jivu tupu, shuka zake nyeupe zina madoa, na siku mbili zilizofuata pori lilikuwa na moshi mtupu, hakuna mbogo aliyeonekana. Aliondoka bila alichokifuata. Mwindaji Bingwa alisema kwenye redio, kambi zote zikisikia, kwamba kama ningechoma nilipoambiwa, kambi ingebaki pazuri na safari ingeendelea. Hakudanganya. Meneja hakupiga kelele, alisema tu, "Mama Neema, msimu huu malizia jikoni." Nikarudi jikoni. Nililia siku ya kwanza, siku ya pili nikatia pilipili nyingi kwenye chakula cha Mwindaji Bingwa, na moyo ukatulia kidogo.

Habari za warina zilinifikia kwa msoma nyayo. Walifyeka mchana kutwa, jioni wakaupokea moto kwa matawi. Mizinga ilibaki, isipokuwa michache ya pembeni. Hakuna aliyekuja kunishukuru. Niliona ni sawa, kwa sababu kutimiza ahadi si zawadi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, Meneja alikwenda mwenyewe kwenye kikao cha moto, akiwa na mpangaji mpya wa safari, kijana msomi na muungwana. Mimi nilichukuliwa niwapikie. Wanzuki ililetwa, ikawekwa katikati, na hakuna aliyeigusa. Meneja akafikiri kuna tatizo la pombe, akauliza kama imeharibika. Mzee Maganga safari ile hakutania.

"Pombe ni nzima. Tunamngoja mwenzetu, yuko kwenye mafiga. Maneno ya moto tunasema na yule aliyehama."

Niliacha wali ukaungua. Nilikuja nikakaa, nikasema yale maneno, nikanywa, wakanywa. Njiani, tulipoiona mitaa ya Mpanda, Meneja akaniuliza kama kule nyumbani Mwese kuna mtu anayejua kupika vizuri. Nilipanga safari za kitalu kile mpaka nilipostaafu. Hata Mwindaji Bingwa tulikuja kuelewana, na kila msimu alikuwa akiniuliza kwanza kama nimetia pilipili.

Sasa nipo Shanwe, hapa hapa Mpanda, nina kuku na magoti mabovu, na naishukuru kazi ile kuliko ninavyoweza kusema. Najua wapo wasioupenda uwindaji, na wana sababu zao. Mimi niliishi humo na nililipenda pori lile. Nilichojifunza ni kwamba mpango mzuri ni ule unaomhesabu na jirani asiye kwenye msafara. Maji, njia na upepo utafundishwa na yeyote.

Kabla sijaondoka nilimpeleka mpangaji aliyenirithi, Zawadi, kwenye kikao. Binti hodari, anazijua hizo ramani za simu kuliko mimi ninavyojua kitanda changu. Warina walimpokea, wakanywa naye, lakini kwa ncha za midomo tu, unajua watu wanavyokunywa na mgeni. Aliniuliza njiani kama hawakumpenda. Nikamwambia wamempenda, ila hawajamwona bado.

Mwezi wa tisa uliopita alinipigia simu nikiwa nawapa kuku maji. Upande wa pili kulikuwa na upepo na kelele za watu wanaobeba mizigo, nikamsikia kwa shida.

"Mama, wamenikasirikia wote huku. Nimehama."

Nikamuuliza mizinga. Akasema ipo.